Kastadi Tu

Ifakara, Jumamosi, 1996

Sijui nani alinidanganya kwamba mstaarabu huingia hotelini akala kastadi tu.

Nilimwalika Sesilia nimwambie nampenda. Nikala ugali nyumbani kwanza, nikajiona mjanja. Mhudumu alipoleta maji ya kunawa, nikakataa kimadaha: "Sisi kastadi tu, dada."

Sesilia akanawa. Kumbe tangu avuke kivuko na baiskeli yake kutoka Lupiro hajatia kitu mdomoni. "Mimi niletee wali samaki," akasema.

Nikabaki nakwangua kibakuli kilichokwisha zamani. Akanimegea samaki. "Kanawe, kaka. Usiniache nile peke yangu kama mgonjwa."

Nikanawa, nikala.

Sasa nimekaa kitandani, tumbo haliniruhusu kuinama nivue viatu. Na lile la moyoni sikulisema. Halafu kaniita kaka.