Mguu Usiohisi Joto

Makambako, mwezi wa saba

Mdogo wangu mpendwa Odilo,

Kosa tunalofanya wengi wenye sukari ni kudhani kwamba kidonda kisichouma kinaelekea kupona. Nisamehe kwa kulitanguliza hilo kabla ya salamu. Najua mkeo Judith akisikia barua ikisomwa atasema mwalimu amestaafu lakini ubao hajauacha. Basi kamwene, ndugu yangu. Habari za Lupembe, na chai inaendeleaje? Watoto wazima? Sisi huku tupo. Upepo wa Makambako unaujua ulivyo mwezi huu, unapita chini ya mlango na kukaa sebuleni kama mgeni asiyetaka kuaga. Shemeji yako Telesia ana kikohozi kidogo. Mimi mwili umepata nafuu, na suruali zangu zote ameshazikunja na kuzishona upande wa kushoto.

Binti yako Flora alinipigia simu juzi. Usimgombeze, alifanya vema. Alisema una kidonda chini ya kidole gumba, kinatoa maji na harufu, na kila jioni unakaa jikoni umeunyoosha mguu kwenye moto ili kikauke. Walipokuomba uende hospitali uliwacheka, ukasema kama mwalimu aliyemaliza vitabu vyote walimkata mguu, wewe mchuma chai watakubakizia nini, kofia? Nilicheka sana, Odilo. Halafu nikashindwa kumaliza uji wangu.

Nimechagua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa utani. Sasa huwezi. Nivumilie nikueleze taratibu.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia miguuni. Huharibu pia mishipa ya damu, ikawa myembamba na migumu. Mguu hapo unapata hasara mbili: hauwezi kukuambia kwamba umeumia, na ukiumia haupati damu ya kutosha kujitengeneza. Mwaka jana nilivaa buti kwenda kulima viazi, na ndani mlikuwa na kijiwe. Nilishinda nacho. Nilipovua, soksi ilikuwa imelowa damu, na mimi nilikuwa nimeimba njia nzima.

Kidonda hicho kilinisumbua miezi mingi, kisha nikapelekwa hospitali kule Njombe. Daktari wangu ni mama mmoja wa Makete, mpole lakini hana mzaha. Alinieleza kwamba siku hizi ipo tiba ya kuusaidia mwili uoteshe nyama yake wenyewe. Walinitoa damu mkononi, wakaizungusha kwa kasi kwenye mashine mpaka ikajitenga, nyekundu chini, maji ya njano juu. Katika yale ya njano mna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kukimbilia mahali palipochanika, kuzuia damu isitoke, na kuziita chembe nyingine zije kujenga. Walizikusanya zikiwa nyingi, wakaniwekea kidondani. Ni kitu changu mwenyewe, kimepelekwa mahali ambapo kilikuwa hakifiki.

Nilimuuliza kama huo ni muujiza. Akasema hapana, na hapo wewe mkulima utamwelewa kuliko mimi. Mchai ukiupogoa unachipua kwa kuwa mizizi ipo hai; ukiupogoa mchai uliokufa, umepata kuni. Alisema kwanza wapime kama damu inafika mguuni, nyama iliyokufa iondolewe, wadudu wauawe, sukari ishushwe, na mguu upumzishwe usikanyage chini. Hata hivyo wapo wasiopona. Hakuniahidi kitu.

Kwangu kilianza kupona. Kitako cha kidonda, kilichokuwa cha kijivu, kikawa chekundu. Kingo zikasogeleana. Siku moja Telesia alipokuwa akinisafisha alisema kimebaki kama punje ya hindi, akapiga kigelegele peke yake, mpaka jirani akaja kuuliza nani ameoa.

Sasa sikiliza. Niliwaambia watu wote, nawe nilikuambia, kwamba dawa ya damu ilinikataa. Si kweli. Haikunikataa.

Jumapili moja tulitoka misa baridi ikiwa kali, nikajilaza mchana. Telesia alinionea huruma. Alijaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, akaiweka miguuni pangu chini ya blanketi, kama mama yetu alivyokuwa akituwekea tofali la moto lililofungwa kwenye gunia. Nililala vizuri sana. Nilipoamka bandeji ilikuwa imelowa, nikadhani ni maji ya kidonda. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Daktari alipofungua, ngozi ya unyayo ilitoka pamoja na bandeji. Aliniuliza mguu umekutana na moto gani. Telesia alikuwa nje kwenye benchi. Nikajua, nikamsihi daktari asimwambie.

Wadudu waliingia mpaka kwenye mfupa, homa ikapanda, wakakata chini ya goti ili nibaki hai.

Nesi alikuwa amenionya kwamba joto lisiukaribie mguu ule. Mimi nilimweleza Telesia habari za chembe za damu jioni nzima, nikamchorea na picha. Habari ya joto sikumwambia, niliiona ndogo. Kwa hiyo kosa ni langu. Lakini chupa aliijaza yeye, na nilijua akifahamu hatajisamehe. Kuisingizia dawa niliona hakumuumizi mtu yeyote. Kumbe maneno yangu yamepanda mpaka Lupembe, yamekukalisha wewe jikoni na mguu kwenye moto.

Jana nilimwambia Telesia, maana barua zetu husomwa kwa sauti, sikutaka akasikie kwa Judith. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Niliposema hujui, akaniletea karatasi na kalamu, akaichukua ile chupa msumarini ilikokuwa ikining'inia, akatoka nayo nje. Tangu hapo hajazungumza nami ila kuniita mezani. Sijui kama nimempoteza kwa ajili yako. Nafikiri yeye mwenyewe asingetaka nichague vingine.

Sitakuahidi kwamba mguu wako utapona. Daktari hakuniahidi mimi, nami siwezi kumzidi. Inawezekana hutahitaji dawa hiyo kabisa, au umechelewa. Hayo wataona wao. Ninachojua ni kwamba mguu wangu haukupotea kwa sababu ya hospitali.

Msalimie shemeji Judith na umwambie ubao umefutika. Flora mpe mkono wangu wa shukrani. Watoto wote wa nyumba yako nawaombea afya, na mama yetu huko aliko apumzike.

Barua hii ameileta mwanangu Anold, na gari lipo hapo nje. Daktari nimeshaongea naye. Chai itachumwa na wengine. Ondoka kwenye moto huo, vaa koti, upande gari leo.

Kaka yako,
Ambrose