Mganga Aliyewaomba Miungu wa Dini Tatu

Kwako Sitt Nawal, bibi mshauri wa wasomaji, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimekosea na sijui pa kuanzia. Mimi ni Nizar wa mtaa wa Furn el-Chebbak, nina miaka thelathini na moja, na kila Jumamosi mchana marafiki watatu huja kwangu tukacheza mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mtu ana mhusika wake, dadu zinaamua bahati, mimi ndiye ninayeisimulia dunia yenyewe, na katika dunia hiyo kuna dini tatu zisizoiva chungu kimoja. Sasa Ghinwa, ambaye kazi yake ni uuguzi, anamwigiza mganga anayemwomba Orsu wa bahari asubuhi, Ilet wa nafaka mchana, na Kharo wa wafu, mungu wa maadui zetu mchezoni, kila anapozika mtu, na Marwan akamchokoza, "Ya Ghinwa, mungu wako hasa ni yupi?" naye akajibu huku anamenya mbegu za maboga, "Anayeitika, habibi," tukacheka, lakini mimi nikaona anaivuruga dunia yangu, nikatangaza kwamba miungu wameona wivu na wamemnyang'anya uwezo wote wa kuponya. Nilidhani atasusa. Wapi! Vita vya mchezoni vilipoisha, mganga wake alibeba ndoo ya maji akawapitia majeruhi wa maadui mmoja mmoja, hana dawa wala muujiza, akimuuliza kila mtu, "Kwenu mnaomba vipi?" na akamwombea hivyo hivyo, na kwa miaka sita sijaona uigizaji kama ule, hata Marwan aliweka dadu chini akafuta macho, na mimi badala ya kumpongeza nikashikwa na kijicho, nikaropoka, "Ndiyo mambo ya kwenu hayo, baba msikiti, mama kanisa, hata pa kuzikana hamjui," na Sitt, mama yake alifariki mwezi wa tatu, na ami zake na wajomba zake waligombana juu ya mahali pa kumzika. Alivaa koti, akasema, "Asante kwa kahawa, Nizar," akaondoka, na simu zangu hapokei. Nifanyeje?

Sitt Nawal anajibu:

Nizar, mwanangu, nikwambie ukweli: nimempenda huyo binti kabla sijakupenda wewe. Umetunga dunia nzima, na kitu kizuri kuliko vyote ndani yake kimefanywa na mtu uliyemnyang'anya kila kitu. Hilo ndilo lililokuuma, si sheria za mchezo. Nakuelewa, kushindwa na rafiki mbele ya wenzako kunachoma. Lakini ulipokosa jibu mezani, ulilifuata kaburini kwa mama yake. Miungu watatu umeniandikia kwa majina, marehemu hukumtaja jina. Aibu!

Acha kupiga simu. Msubiri amalize zamu, uende kwao mwenyewe. Usiseme ulichoka, usiseme ulitania. Sema, "Nilimtukana mama yako, na nilifanya hivyo kwa wivu." Halafu nyamaza, na akikutolea maneno makali, yameze. Usimrudishie mganga wake uwezo ili kumbembeleza. Hakuuomba, na umeona mwenyewe anavyofanya kazi bila huo uwezo. Na kwa kuwa ulimtusi mbele ya watu, Jumamosi ungama mbele ya watu hao hao, Ghinwa awepo asiwepo. Asipokufungulia mlango, usigonge mara ya pili. Mtu aliyewaombea hata maadui zake anajua njia ya kurudi, na asipoifuata, ana haki.