Asubuhi Niliyokataa Kukutangulia

Omondi, nyathina, mwanangu,

Usicheke mwandiko. Unajua darasa la nne lilinishinda, au mimi ndiye niliyelishinda, hatukuelewana. Kalamu nimeazima kwa mke wako Akinyi. Hakuniuliza ya nini.

Mji wetu wa Sindo bado uko, dagaa wetu wa omena bado wananuka. Wale wakubwa wetu wawili wa siasa, wangu na wako, waliofanya tuangaliane kama askari na mpika pombe ya chang'aa, sasa wako chama kimoja. Walikuja matanga yako, wakakaa hema moja, wakapitishiana soda. Wangu akaniita kwa jina la mzee mwingine. Na mimi nikaitika! Ndiye baba yako huyo.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa.

Siku ile ulikuja kunichukua alfajiri, jogoo kwapani, shoka mkononi, Akinyi nyuma yako na moto kwenye chungu. Mawe ulisharundika kule kilimani. Kilichobaki ni mimi kutangulia nikuonyeshe mahali, kama baba yangu alivyonitangulia, ndipo uwe na dala yako, boma lako mwenyewe. Nikaona kofia ya chama chako. Nikasema, "Vua hiyo takataka kwanza." Ukanijibu, "Baba, kofia ni yangu lakini kichwa ni chako. Twende." Nilitaka kucheka, Omondi. Ulimi huo uliurithi kwangu. Nikarudi ndani, nikafunga mlango. Nikasema moyoni, uchaguzi ukiisha nitaenda.

Homa ya mapafu haikungoja uchaguzi.

Tumekuzika nje ya simba yako, ile nyumba ya ujana, karibu na geti langu. Mtu wa watoto wanne, kama kijana ambaye hajaoa.

Bado sijasema lenyewe. Pale kaburini wazee waliuliza mbona mtu mzima hana dala. Mdomo wangu huu ukasema, "Nilimwambia ajenge, akaona uvivu." Watu wakacheka. Mimi pia. Akinyi alikuwa ameshika mchanga mkononi, hakuutupa. Siku hizi hapa sokoni mtu akichelewa kujenga anaambiwa, "Umekuwa Omondi." Watoto wako wanasikia.

Jana nilimwendea Akinyi, alikuwa anakata mboga ya sukuma. Nilianza na mzaha, haukutoka. Nikamwambia yote, kwamba nilisema uongo, kwamba... yote. Hakuinua kichwa.

"Baba, si mimi nilikuwa hapo nimebeba moto? Waambie wale uliowachekesha."

Nimekaa na neno hilo tangu jana. Uzee hauzuii aibu, mwanangu, ndio kwanza unaipa nafasi ya kukaa.

Basi lala. Sikuombi unisamehe, hiyo itakuwa kukusumbua tena. Jumapili, ibada ikiisha na kabla watu hawajatoka, nitasimama mbele yao, na mtu asitegemee kichekesho. Nitawaambia ulikuja na kila kitu. Ulichokosa ni baba.