Mashine ya Marehemu Adamu

Chanika,
Handeni.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Hujambo huko Mpanda? Kifua kimepona? Sisi tunaendelea, alhamdulillahi, ila presha ya mama haitulii, na mahindi yamekauka mapema. Barua hii naituma kwa anwani uliyoacha, maana simu yako haipatikani tangu kabla hatujamzika mdogo wetu Adamu. Hasira ninazo, lakini tuyaache.

Kompyuta ya marehemu tuliletewa kutoka Korogwe alikokuwa akifundisha, pamoja na nguo zake. Unaikumbuka ile programu yake ya ukoo? Aliiandika kwa Prolog, lugha moja ya kompyuta. Unaiambia fulani ni mtoto wa fulani, unaipa kanuni, kisha unauliza na yenyewe inatafuta jibu. Adamu akaona haitoshi. Akaitungia kanuni za kuzisoma kanuni zake yenyewe, kuzifuta na kuziandika upya. Nilimwambia, wewe unatafuta balaa. Akacheka.

Basi mama akaizoea. Tukimaliza kula ananiambia, "Hajira, iulize nani atashuka kaburini kunipokea siku mkinizika." Naandika. Inajibu: Adamu. Mama anatabasamu. Ilikuwa haijaambiwa kuwa Adamu hayupo tena, na kwa mashine ile, mtu asiyetajwa kuwa amekufa yu hai. Nani angeiambia? Mimi sikuthubutu.

Juzijuzi mama katoka hospitali, kakonda. Akakaa mkekani akasema, "Iambie. Mwanangu apumzike." Nikaandika kwamba Adamu amekufa. Ikajibu kwa maneno ya Adamu, yale yale ya kila tulipomkosoa: "Haya bwana, nimesikia. Narekebisha." Wallahi kaka, nilimsikia. Ikaifuta kanuni ya zamani, ikaandika nyingine mahali pake, na mimi sijagusa kitu.

Nikauliza tena nani atampokea mama. Ikajibu: Mwinjuma.

"Yuko wapi?" mama akauliza. Nikaandika. Ikasema: "Hakuna aliyeniambia."

Najua ni kazi ya mikono ya Adamu tu, lakini naogopa. Kama tulikukosea, njoo utuambie usoni. Njoo mama akiwa bado anaweza kukuitikia salamu.

Anakusalimu sana. Shangazi Husna wa Mnyuzi naye anakusalimu, na wanawe. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe mzima.

Siku hizi mama ananiagiza niulize kama u hai. Inajibu ndiyo, naye anakwenda kulala. Mimi silali, kaka. Hata kwa Adamu ilijibu hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinyamaza,
Hajira