Shangazi Hazimiki Tena

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu na mtoto. Natumaini kile kifua kilichokuwa kikimsumbua mtoto kimetulia, na kwamba baridi ya huko haijawafungia ndani. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi lakini akishuka halimsumbui, na anasema hilo si goti, ni dharau. Baba naye ni mzima. Tangu astaafu kwenye kile kiwanda cha uchapaji anaamka alfajiri bila sababu na kufagia uwanja niliokwisha kuufagia jana yake jioni.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya lile boksi ulilotuma. Najua umemuuliza mama kwenye simu kama vile vifaa vipya vya kuwashia injini vimeshafungwa kwenye gari, na mama amekuwa akikujibu juu juu. Ukweli ni kwamba boksi lilikaa juu ya kabati la vyombo muda mrefu bila kufunguliwa. Baba alilipapasa kwa kidole gumba, akasema karatasi yake ni nzito na limechapwa vizuri, akalipandisha huko juu. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba Shangazi hana ugonjwa wowote.

Sijui kama na wewe huko bado unaliita lile gari Shangazi. Jina ulimpa wewe, ukisema anafika anapotaka na haondoki mpaka abembelezwe. Rangi yake ya bluu imepauka sana, na kiti cha nyuma kimepasuka kwenye mshono, sponji inachungulia. Lakini ukifungua mlango, harufu ni ile ile, ya petroli na ngozi iliyopigwa jua. Mimi nikiisikia tu, najiona tena na soksi zimeshuka, nimelala nyuma na kichwa kimeegemea sanduku lako la shule.

Na unakumbuka Jumamosi za platini? Baba anafungua boneti, anaondoa kile kifuniko cheusi chenye waya zinazochomoza kama miguu ya buibui, na ndani yake kuna platini zenyewe, vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche zipatikane. Anavisugua kwa msasa laini, kisha anapima nafasi iliyopo kati yavyo kwa ukanda wa kadi aliotoka nao kazini, masalio ya kadi za mialiko. Mafundi wengine wana vipimo vyao vya chuma. Baba alikuwa na kadi ya harusi ya watu asiowajua. Mimi nilishika skrubu kwenye kisosi, nimekatazwa kupiga chafya. Wewe ulikaa kwenye usukani ukingoja uambiwe upige stata. Sidhani kama baba aliwahi kuwa na raha kuliko saa zile.

Basi mama alipomwambia kwamba huenda mkaja likizo ijayo, wewe na familia, baba alimaliza chai yake. Akapanda kwenye kiti, akaliteremsha boksi mwenyewe. Akaniuliza kama yule fundi umeme wa magari niliyesoma naye bado yupo karibu na kituo cha mafuta. Nikamwambia yupo. Akasema nimwite.

Fundi alikuja na kisanduku chake na ovaroli iliyokunjwa mikono. Ni mwanamke mchangamfu, anaongea na gari kama daktari anavyoongea na mgonjwa mwoga. Alitoa platini na kondensa, akazipanga kwenye gazeti. Mahali pake akaweka kile kidude chako kipya, kidogo kama kipande cha sabuni kilichokwisha, akavalisha pete ya sumaku chini ya rota, akabadilisha koili na waya za plagi. Alimweleza baba kwamba sasa hakuna kinachogusana wala kusuguana humo ndani, kwa hiyo hakuna cha kusafisha wala kupima. Baba alimwuliza, sasa Jumamosi yeye atakuwa anafanya nini. Fundi alidhani ni utani, akacheka.

Halafu fundi akaziinua zile platini na kuzitazama kwenye mwanga. Akasema ni safi mno, na nafasi yake aliikuta sawasawa kabisa, je, zilikuwa na matatizo gani? Baba akainama kuokota kitambaa, kwa hiyo nikajibu mimi. Nikamweleza kwamba gari hili lilikuwa na sifa mbaya: kila shule zikifunguliwa, likikupeleka wewe bwenini, lilizimika kwenye ule mteremko kabla ya daraja, na wewe ulifika umechelewa, ukaadhibiwa. Fundi akasema kwamba hajawahi kusikia platini zinazojua kalenda ya shule. Tulicheka mimi na yeye. Baba alikuwa akikunja kitambaa cha kufutia mikono, akakikunja na kukikunja mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

Shangazi aliwaka kwa mguso mmoja, kaka. Aliunguruma taratibu hata mama akatoka jikoni kuuliza kama tumemzima. Fundi akazungusha distributa, ile nyumba ya zile platini, kidogo kidogo huku akisikiliza, akakaza, akasema kazi imekwisha.

Jioni ile jua lilikuwa bado juu. Baba akasema twende tukamjaribu kwenye barabara ndefu. Mama alikaa nyuma apate kunyoosha goti, mimi mbele. Kwenye vilima Shangazi alipanda bila kukohoa. Kimya cha baba unakijua, mtu anaweza kuishi humo miaka na asigongane na kitu.

Tulipoanza kushuka ule mteremko, nikaona mkono wake wa kulia umeacha usukani ukaenda kwenye ufunguo. Haukuuzungusha. Ulikaa pale tu, kama mkono wa mtu aliyeshika kitasa cha mlango na hajui kama abishe hodi.

Nikasema, kwa kutaka maongezi tu, kwamba hapa ndipo lilipokuwa linazimika.

"Halikuwa linazimika," baba akasema. "Nilikuwa nalizima."

Alisogeza gari pembeni, akasimama, akatueleza huku anatazama mbele. Kila mkifika pale alizungusha ufunguo polepole, gari likateleza lenyewe mpaka chini. Kisha akafungua boneti, na kabla hujashuka alichomeka kipande cha kadi katikati ya zile platini. Ukipiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Mkae mnangoja ipoe. Alisema nyumbani ulikuwa humwambii chochote, na yeye akirudi zamu amechoka hajui aanze wapi. Lakini pale kando ya barabara, mimi nimelala nyuma, wewe umekaa kwenye bampa na bisibisi mkononi, ulikuwa unaongea. Ulimwambia unaogopa giza la bweni. Ulimwambia kuhusu mwalimu wa hesabu, na baadaye kuhusu yule msichana aliyekuwa anapiga ngoma kwenye gwaride. Ukimaliza, alikitoa kile kipande, na gari likawaka. Adhabu uliyopewa alikuja kuijua baadaye sana, na anasema inamuuma mpaka leo.

Nilidhani hayo ndiyo yote. Lakini mama aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti ndogo: "Na siku aliposafiri?"

Unaijua siku hiyo kuliko mimi. Gari likafa palepale, na ndege yako inakungoja. Baba ameinama kwenye injini, jasho linamtoka, na wewe unamwambia kwamba anapenda bati bovu kuliko mwanawe. Halafu ukasimamisha lori, ukapakia mabegi, ukamwambia abaki na gari lake. Tangu siku hiyo ukipiga simu unaongea na mama.

"Siku ile sikuligusa," baba akasema.

Alisema usiku wa kuamkia safari alifunga platini mpya kabisa, maana alikwisha kuamua kwamba siku hiyo hatakuchelewesha hata kidogo. Lakini mikono ilikuwa inamtetemeka, na skrubu hakuikaza vizuri. Kwenye mashimo ikalegea, nafasi ikajifunga, cheche zikapotea. Alishindwa hata kuiona kwa sababu ya machozi. Na angekuambia nini? Alikuwa amekudanganya mara nyingi pale pale kwamba gari limekufa, na leo limekufa kweli.

Sasa nikuambie la mama, ambalo mimi sikulijua kabisa. Mama alikuwa anajua ule mchezo wa kadi tangu zamani. Akasema, tulifikiri yale mayai ya kuchemsha na chupa ya chai alivyokuwa anawafungia kila shule zikifunguliwa vilikuwa vya nini, wakati shule yenyewe si mbali? Aliacha iwe hivyo kwa kuwa alimwona baba anarudi nyumbani amechangamka. Lakini siku ya safari aliamini kwamba baba amefanya makusudi, na miaka yote hii alimwekea hilo moyoni, hakumwambia. Wamelala kitanda kimoja na hilo jambo katikati yao.

Magari yalipita, mengine yakatupigia honi kutuuliza kama tumeharibikiwa. Baadaye mama akanyoosha mkono, akamfuta baba kola ya shati iliyokuwa na grisi, akamwambia kwamba mtu mwenye macho ya kupima unene wa karatasi alipaswa kuangalia skrubu. Baba akacheka. Kaka, sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile. Akapiga stata, Shangazi akaitika papo hapo, tukarudi nyumbani.

Nilimwuliza kama nikuandikie. Alinikubalia nikueleze habari za vifaa, kwamba vimefungwa vizuri na anakushukuru, na kwamba mkija atakuja kuwapokea mwenyewe, msikodi gari. Hayo mengine akasema niyaache, atakuambia kwa mdomo wake. Mimi nimeyaandika kwa sababu nakujua: bila kuyajua haya usingekuja, ungetuma boksi jingine.

Kwa hiyo njoo. Akianza kukusimulia, jifanye ni mara yako ya kwanza kuyasikia. Usimkatize. Ataanza mbali, kwenye karatasi na wino, atazunguka sana kabla hajafika. Wewe mwache azunguke.

Mama anawasalimu na anauliza mtoto anavaa viatu saizi gani. Wifi mbusu kwa niaba yangu. Baba yuko nje hivi sasa, kafungua boneti, hana cha kufanya humo, anatazama tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda