Kanda ya Pili ya Harusi

Jumatano, Temeke.

Mvua imekatika tangu asubuhi lakini wingu bado zito. Sentensi hii nimeifuta mara tatu.

Mtaa mzima unanijua kwa kazi ya kupiga video za harusi. Wasilolijua ni kwamba kwa miezi kadhaa natengeneza filamu juu ya Rehema, mwandishi ambaye serikali imelifungia gazeti lake na sasa inamtafuta mwenyewe. Amejificha Kiwalani, chumba cha uani, na bado anaandika. Alinipa sharti moja tu: nisipige picha ya nje.

Nilipiga.

Nilikuwa natoka, jua limeuangukia vizuri mlango wa kijani, pembeni kibao cha duka la jirani. Nikajiambia, kidogo tu. Ilikuwa tamaa ya picha nzuri, sina kisingizio.

Kanda nikaificha kwa ujanja. Mwanzo nikaweka ngoma za harusi ya Mwajuma, binti wa jirani, ndipo Rehema akafuata. Juu nikaandika: Harusi ya Mwajuma, kanda ya pili. Nani angeshuku?

Juzi sikuwepo, mama yake Mwajuma akaja kuchukua kanda zake. Mke wangu, Asha, akasoma maandishi, akampa. Simlaumu. Na kanda ya harusi haikai nyumba moja, huazimwa, kila mtu anataka kujiona alivyocheza. Nilipoanza kuitafuta ilikuwa imeshafika kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, jicho la serikali hapa mtaani.

Leo mjumbe kairudisha mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Harusi imefana. Ila yule dada wa mwishoni, anayeongea sana, ni wa upande gani? Wa bwana au wa bibi?"

"Wa bwana," nikasema.

"Aa. Basi nitamuulizia huko kwa bwana."

Akacheka, akaondoka taratibu, mikono nyuma.

Nikaitia kanda kwenye deki. Haikurudishwa mwanzo. Imesimama pale pale, kwenye mlango wa kijani, na kibao cha duka kinasomeka mpaka jina la mtaa. Siku ile nilijisifu kwamba picha haikutikisika.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nimemwingiza mwenzangu. Naogopa, lakini aibu imeuzidi woga.

Nikienda Kiwalani huenda wakanifuata. Ila wanifuate kwa lipi, njia si nimeshawaonyesha?

Naenda sasa hivi, kumtoa pale na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Asha amewasha jiko aichome kanda, kisha kasimama nayo mkononi. "Na maneno yake yote haya, nayo tuyachome?"

Sina nakala nyingine. Nimemwambia aitie motoni.

Nikimkuta, Rehema ataniuliza filamu yake iko wapi, na nitamjibu.

Na nisipomkuta?