Tulivyoingia pangoni bila kamba

Jumatano, alasiri. Wambaa.

Mawingu yamelala juu ya minazi tangu asubuhi na mvua haijaamua kunyesha. Nimefagia ua mara mbili. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Basi acha niandike, labda mikono itatulia.

Mimi ni muongoza wazamiaji. Miaka mitatu sasa nawapeleka wageni kutazama matumbawe, na cheti changu kinaniruhusu kuzama bahari ya wazi, mahali ambapo mambo yakiharibika unatazama juu, unaona mwanga, unapanda taratibu. Pangoni hakuna juu. Juu ni jiwe.

Hilo nililijua. Nalisema kila siku kwa wageni. Jumapili niliingia hata hivyo.

Aliyeligundua pango ni Faki, mtoto wa shangazi yangu, ninayefanya naye kazi. Shangazi Bi Salma ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo Faki ni kaka kwangu, si binamu. Aliuona ufa kwenye ukuta wa matumbawe, kama mita kumi na nane chini, akaniambia ndani kuna uwazi mkubwa kama ukumbi. Jumapili hatukuwa na wageni. Tukamwomba Mzee Kombo, nahodha wa boti ya kituo chetu cha kuzamia, atupeleke. Tukamwambia tunakwenda kuangalia kasa.

Uongo wa kwanza huo.

Tulikuwa na tochi moja moja. Hatukuwa na kamba ya kufunga mlangoni na kuifuata wakati wa kutoka. Hewa ya akiba hatukuihesabu. Watu waliofundishwa mapango huigawa hewa yao mafungu matatu: moja la kuingilia, moja la kutokea, moja la balaa. Sisi tuliingia na mitungi tuliyokuwa tumekwisha kuitumia nusu saa nzima nje.

Na ukumbi upo kweli. Sitaki kusema uongo hapa pia. Ni pazuri. Maji yametulia, kuta nyeupe, samaki wadogo wekundu wamejipanga kwenye dari kana kwamba dari ndiyo sakafu. Nilisahau kutazama geji ya hewa.

Faki akaingia kwenye njia nyembamba upande wa nyuma. Nikamfuata. Ilipozidi kubana akageuka, na pezi lake la mguuni likagusa chini. Mara moja tu. Tope la mle ni laini kama unga, likapanda lote. Nikawa natazama tochi yangu mwenyewe mkononi na siioni.

Faki akanishika mguu. Nilihisi vidole vyake vikinibana na nikajua kwamba hajui njia, kwa sababu anayejua njia hashiki mguu wa mwenzake.

Nikapapasa ukuta. Nikaufuata mpaka nikagonga kichwa kwenye jiwe. Njia ilikuwa imekwisha. Nikageuka, tukarudi tulikotoka, nikisikia pumzi zangu zinakwenda mbio na nikijua kila moja inakula hewa. Nikasoma shahada kimoyomoyo. Kisha mbele, chini kidogo, nikaona weupe hafifu, si mwanga hasa, ila kiza kilichopungua. Nikauendea. Ulikuwa mlango.

Watu wakisikia kisa hiki watasema nilitulia, nikamwokoa kaka yangu. Sikumwokoa mtu. Kama tope lingechelewa kushuka dakika chache, leo mngekuwa mnasoma tanzia.

Kwenye boti Mzee Kombo akatuuliza kama tumemwona kasa. Faki akasema wawili. Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Nilidhani imekwisha hapo. Lakini jana nikamsikia Faki akiwaahidi wageni wawili, mume na mke, kwamba Ijumaa atawapeleka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika. Nikamvuta pembeni.

"Faki, kule hapana."

"Rukia, weye una wasiwasi tu. Njia tushaijua."

"Mie siijui. Weye unaijua?"

Akaendelea kusuuza mapezi kwa maji matamu, pezi lile lile, muda mrefu.

Leo asubuhi nikaenda kwa Bwana Seif, msimamizi wetu, nikamwambia yote, langu na la Faki. Alisikiliza bila kunikatiza. Akauliza tulitoka na hewa kiasi gani. Nilipomwambia akavua miwani, akainamisha kichwa. Sote wawili tumesimamishwa kuzama hadi atakapoamua. Safari ya Ijumaa haipo.

Faki alinipita mlangoni. "Ungeniambia kwanza," akasema, "si ungeniambia?" Nilimwambia jana, lakini sikumwambia kwamba nitakwenda kwa mkubwa. Hapo ana haki. Niliogopa atanilainisha. Huwa ananilainisha, tangu tulipokuwa wadogo.

Lakini si hilo linalonizungusha uani tangu adhuhuri.

Linalonizungusha ni kwamba nataka kurudi. Naandika hivi na mkono unaona haya. Nimekaribia kufa mle ndani, na kila nikifumba macho nawaona wale samaki wekundu darini, na sauti inasema: safari hii na kamba, safari hii na tochi mbili, safari hii taratibu. Ni sauti ya Faki ile ile, ila inatoka kifuani mwangu. Kamba bila mafunzo ni uzi tu wa kujinyongea. Najua. Na bado.

Saa tisa nikampigia Mzee Kombo. Nikamwambia kwanza kwamba hatukumwona kasa yeyote, tuliingia pangoni. Kisha nikamwambia, nikija kukuomba unipeleke kule kabla sijafundishwa, hata nikikuapia, usinipeleke.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Na Faki kanipigia sasa hivi. Kaniomba hilo hilo, nisimpeleke yeye."

Nimekaa kizingitini tangu pale. Shangazi bado hajui lolote, na mimi na Faki ndio wa kumwambia, pamoja, tumekaa mbele yake. Nitamtumia Faki ujumbe nimuulize ataweza lini.

Nimeshauandika mara tatu. Sijui bado nianze na samahani au na salamu.